Mbwa Aliyekaa Mahali pa Magdalena

Wazee wangu, walimu wenzangu, makatekista mliosafiri tangu alfajiri, na ninyi vijana mnaoshika brashi: nawashukuru kwa kuja, na nawashukuru kwa kukubali kubanana hivi ili kila mmoja aione karatasi niliyoibandika ukutani.

Niliombwa nizungumze kuhusu sanaa ya Italia katika karne ile ambayo Ukristo wa Ulaya Magharibi ulipasuka. Ningeweza kuwatembeza Firenze, Roma na Milano, nikawatajia wachoraji ishirini, na kesho asubuhi msingekumbuka hata watatu. Nimeona afadhali tukae na picha moja na siku moja. Siku yenyewe ni Jumamosi, tarehe 18 Julai 1573. Mji ni Venezia. Mchoraji wa miaka arobaini na kitu ameitwa mbele ya mahakama ya dini, na neno la kwanza linalozungumzwa baada ya jina na kazi yake ni mbwa aliyemchora.

Wale wanaojiuliza mambo haya yanatuhusu nini sisi watu wa Mombasa, wakitoka hapa wateremke hadi Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, miaka ishirini tu baada ya siku hiyo, na aliyeichora ramani yake alikuwa Mwitalia wa Milano, Giovanni Battista Cairati. Jina walilolipa lile boma, na umbo lake lililopangwa kwa vipimo vya mwili wa mwanadamu, vilitoka katika ulimwengu huohuo ninaotaka kuwaonyesha leo.

Sasa itazameni picha. Karatasi yangu haifiki mita mbili. Picha yenyewe, iliyoko katika jumba la Accademia mjini Venezia, ina upana wa karibu mita 13 na kimo cha mita tano na nusu. Wanafunzi wangu huwa nawaambia wachukue madarasa mawili yaliyopakana, wabomoe ukuta wa kati, kisha ukuta wote wa ubaoni uwe picha moja, na hata hapo kimo kitatoboa dari. Kuna matao matatu makubwa ya mawe. Chini ya tao la katikati ameketi Yesu, amemgeukia Yohane. Petro anakata nyama ya mwanakondoo. Kulia na kushoto kuna ngazi, na penye ngazi ndipo mji mzima ulipojaa: watumishi na sahani, mabwana waliovaa hariri, mchekeshaji mfupi mwenye kasuku, mtumishi aliyetokwa na damu puani akiwa na kitambaa mkononi, na askari wawili wa Kijerumani wenye silaha za mpini mrefu, mmoja anakunywa, mwenzake anakula. Mbele kabisa, katikati, upande wetu wa meza ya Bwana, amekaa mbwa.

Wamo pia watumishi Weusi. Sitaki tuwapite. Venezia ya siku zile ilikuwa na Waafrika wengi kiasi, watumwa na walioachwa huru, na wachoraji wake waliwaona kila siku kwenye mifereji na majumbani. Katika maswali yote ya mahakama nitakayowasimulia, hakuna hata moja linalowagusa hao. Mbwa aliulizwa, Wajerumani wakaulizwa, na kasuku pia. Mtu Mweusi anayebeba sahani ya bwana wake hakumshangaza yeyote mle ndani, na jambo hilo limenikaa moyoni miaka mingi.

Jina la mchoraji ni Paolo Caliari. Baba yake alikuwa mchonga mawe huko Verona, naye akazaliwa hukohuko mwaka 1528. Alipohamia Venezia wenyeji wakamwita Veronese, mtu wa Verona, kama sisi tunavyomwita mtu Mpemba hata akikaa mjini miaka thelathini. Kufikia 1573 hakuna aliyemfikia kwa kuchora karamu. Miaka kumi kabla ya hapo aliwachorea watawa wa kisiwa cha San Giorgio Arusi ya Kana, picha ya karibu mita saba kwa mita kumi. Ile iko Paris hadi leo, kwa sababu askari wa Napoleon waliichukua mwaka 1797 na haikurudishwa.

Watawa Wadominiko wa Santi Giovanni e Paolo walikuwa na Karamu ya Mwisho iliyochorwa na Titian, mchoraji mkubwa wa Venezia, katika bwalo lao, yaani ukumbi wa kulia chakula. Mwaka 1571 moto ukaiteketeza, wakamwita Paolo awajazie ukuta. Desturi ya kuweka Karamu ya Mwisho bwaloni ilikuwa ya zamani. Hata ile ya Leonardo kule Milano iko katika bwalo la Wadominiko. Mtawa anakula kimya, mwenzake mmoja anasoma kwa sauti, na akiinua macho anamwona Bwana naye yuko mezani. Paolo akaimaliza kazi, akaiandika tarehe 20 Aprili 1573. Miezi mitatu kasoro siku mbili baadaye, akaitwa.

Kwa nini? Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, na naomba subira ya wale wanaoyajua haya vizuri kuliko mimi.

Mnajua kwamba Martin Luther alianza mwaka 1517 kwa kupinga uuzaji wa rehema. Lakini ubishi haukukaa kwenye rehema. Ulifika mezani. Padri akiuinua mkate, kinatokea nini? Luther alishikilia kwamba Kristo yumo kweli, ila akakataa namna Roma ilivyolieleza jambo hilo. Zwingli, mwanamageuzi mwenzake wa Zurich, akasema ni ukumbusho. Wawili hao walikutana Marburg mwaka 1529 wapatane, wakaelewana karibu katika kila jambo isipokuwa hilo, wakaachana. Roma ikajibu mwaka 1551 katika Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wake: mkate unageuka kuwa Mwili, divai kuwa Damu, na anayekana hilo amejitenga na Kanisa. Kwa hiyo kati ya matukio yote ya Injili, Karamu ya Mwisho ndiyo iliyokuwa inagombaniwa kuliko yote. Ukichora Karamu ya Mwisho mwaka 1573 unaingia katikati ya vita, hata kama wewe ulichotaka ni kuchora hariri na glasi za divai.

Na picha zenyewe zilikuwa vitani. Zurich waliziondoa makanisani mwaka 1524. Agosti 1566 huko Antwerp umati uliingia kanisa kuu ukavunja masanamu na kupasua michoro usiku kucha. Mtaguso wa Trento ulipofungwa Desemba 1563, moja ya amri zake za mwisho ilihusu jambo hilo. Ilisema picha zibaki, kwa kuwa heshima inayotolewa mbele ya picha humwendea yule aliyechorwa, na kwa kuwa watu hufundishwa kwa hizo. Ila kusiwe na uchafu, kusiwe na mafundisho ya uongo, na picha isiyo ya kawaida isiwekwe bila askofu kuridhia. Ni amri fupi. Haikueleza uchafu unaanzia wapi, wala nini ni cha kawaida. Hayo yaliachiwa watu kama wale walioketi mbele ya Paolo.

Kabla hatujaingia mahakamani naomba nimtaje mtu mmoja, maana huzuni yake hainitoki. Michelangelo alimaliza Hukumu ya Mwisho mwaka 1541, kwenye ukuta wa altare wa kikanisa cha Papa, Sistina, watakatifu na waliolaaniwa wote wakiwa uchi kama watakavyofufuka. Januari 1564, wiki chache baada ya Mtaguso kwisha, ikaamriwa baadhi ya miili ifunikwe. Michelangelo akafariki Februari 18 mwaka huohuo. Kazi ya kufunika akapewa Daniele da Volterra, mwanafunzi wake na rafiki yake, mmoja wa waliokuwa karibu na kitanda chake alipokata roho. Daniele alipanda jukwaa, akapaka vitambaa viunoni, na watu wa Roma wakamwita Braghettone, fundi suruali. Mwaka 1566 naye akafa. Jina hilo limemfuata miaka mia nne na zaidi. Mimi namfikiria juu ya lile jukwaa, brashi mkononi, akijua kila msuli alioufunika ulichorwa na nani. Nadhani asingepanda yeye, angepanda mtu aliyeichukia ile picha.

Paolo alimjua Michelangelo kwa kazi yake, na mtaona alivyomtaja.

Mahakama ilikaa katika kikanisa cha Mtakatifu Theodoro, pembeni ya San Marco. Roma ilikuwa imeunda chombo chake cha kuwasaka wazushi mwaka 1542, lakini Venezia ilikuwa jamhuri yenye wivu na mamlaka yake. Tangu 1547 ilidai waheshimiwa wake watatu, watu wasio makasisi, wakae pamoja na balozi wa Papa, Patriaki na mchunguzi wa imani. Nawaambia haya kwa sababu watu wengi wakisikia neno uchunguzi wa imani wanaona moto na kamba. Moto na kamba vilikuwepo, na Venezia iliwazamisha wazushi baharini usiku. Lakini katika chumba hicho siku hiyo palikuwa pia na macho ya serikali iliyompenda mchoraji wake na isiyopenda Roma iwaingilie.

Maneno yaliandikwa na karani, swali kwa jibu, na daftari lake limehifadhiwa katika nyaraka za serikali mjini Venezia. Mfaransa Armand Baschet alilitoa hadharani mwaka 1867. Ndiyo maana leo tunaweza kumsikia Paolo akijibu kwa lahaja ya kwao.

Wanamuuliza kazi yake. Anasema: nachora na kutengeneza maumbo. Wanamuuliza kama anajua kwa nini ameitwa. Anasema anaweza kukisia: mkuu wa watawa alimwambia kwamba waheshimiwa wameagiza amchore Magdalena mahali alipo mbwa. Naye alimjibu mkuu huyo kwamba angefanya hilo na lolote lingine kwa heshima yake na ya picha, ila hakuona jinsi umbo la Magdalena lingekaa vizuri pale.

Hebu tusimame hapo. Mtu yuko mbele ya mahakama inayoweza kumfunga, na jibu lake la kwanza ni la mpangilio wa picha. Halikai vizuri pale! Kila mchoraji aliye humu anajua anachosema. Ile nafasi ya chini mbele ni ndogo, imetulia, inahitaji kitu kifupi cha rangi ya udongo kisichosogea, ili macho yapande yamfikie Kristo. Mwanamke aliyepiga magoti na nywele zake na vazi lake angekuwa ukuta.

Wanamuuliza ni karamu gani hii. Anajibu: ni karamu ya mwisho ambayo Yesu Kristo alikula na mitume wake nyumbani kwa Simoni. Makatekista mmeshtuka, nimewaona. Kwenye Injili Karamu ya Mwisho haikuwa nyumbani kwa Simoni. Kwa Simoni Farisayo ni karamu nyingine, Luka sura ya saba, alipoingia mwanamke mwenye dhambi akamlowesha Bwana miguu kwa machozi, na mapokeo ya Kanisa la Magharibi yalimwita mwanamke yule Magdalena. Mnaona sasa? Zamani nilipokuwa nasoma kisa hiki nilidhani wale waheshimiwa walikuwa wanamwonea mbwa tu. Nilikosea. Walikuwa wasomaji makini. Picha waliyoiona ilikuwa karamu ya kitajiri yenye mwenyeji, watumishi na wageni wasiohusika, na wakampa njia ya kutoka: mweke Magdalena, na picha yako itakuwa karamu ya Simoni, na hakuna atakayekuuliza kuhusu Ekaristi, sakramenti ya mkate na divai. Ilikuwa njia nzuri. Paolo aliikataa kwa sababu ya nafasi ya mita moja mbele ya meza.

Maswali yanaendelea. Yule anayetokwa na damu puani ana maana gani? Ni mtumishi, amepatwa na ajali fulani. Na wale wenye silaha, waliovaa Kijerumani? Hapo Paolo anaomba kusema maneno mawili matatu, kisha anasema sentensi iliyomfanya akumbukwe kuliko karamu zake zote: sisi wachoraji tunachukua ruhusa ileile wanayoichukua washairi na wendawazimu. Halafu anashuka chini haraka: niliwaweka wale wawili penye ngazi, mmoja anakunywa na mmoja anakula, tayari kutumwa, kwa kuwa niliambiwa mwenye nyumba alikuwa mtu mkubwa na tajiri, na mtu kama huyo angekuwa na watumishi wa namna hiyo.

Yule mchekeshaji mwenye kasuku? Ni pambo, kama ilivyo desturi. Mezani kwa Bwana wako akina nani? Mitume kumi na wawili. Petro anafanya nini? Anakata mwanakondoo apeleke upande wa pili wa meza. Anayemfuata? Ameshika sahani apokee atakachopewa. Na mwingine yule? Ana uma, anachokonoa meno.

Anachokonoa meno. Mtume. Kwenye meza ambayo Roma imetoka tu kuitetea kwa miaka kumi na minane ya Mtaguso, mtume wa Bwana amekula akashiba, na nyuzi za nyama zimemkwama. Sijui kama kuna picha nyingine ya siku zile inayoamini zaidi kwamba chakula kile kilikuwa chakula kweli.

Kisha wanamuuliza: wewe unaamini ni nani hasa waliokuwepo kwenye karamu ile? Anajibu: naamini walikuwepo Kristo na mitume wake, lakini nafasi ikibaki kwenye picha naipamba kwa maumbo. Kuna mtu aliyekuagiza uchore Wajerumani na wachekeshaji? Hapana, niliagizwa niipambe nionavyo mimi, nayo ni kubwa, inabeba watu wengi.

Ndipo swali lenyewe linatoka, lile ambalo mengine yote yalikuwa yanalitayarisha. Hujui kwamba Ujerumani na mahali pengine palipoingiwa na uzushi, ni kawaida kutumia picha zilizojaa upuuzi kulidhihaki Kanisa takatifu, na kuwafundisha wajinga mafundisho mabaya? Kumbukeni mji ule ulikuwa na jumba zima la wafanyabiashara wa Kijerumani, hatua chache tu kutoka daraja la Rialto, Fondaco dei Tedeschi, na vitabu vya Luther vilipita mle pamoja na vyuma na nguo. Mjerumani mwenye silaha anayekunywa divai hatua chache kutoka meza ya Ekaristi, kwa macho ya mchunguzi hakuwa pambo hata kidogo. Alikuwa habari ya mjini.

Paolo anajibu kwamba ndiyo, hilo ni baya. Lakini, anasema, nalazimika kufuata waliyoyafanya wakubwa wangu. Wakubwa wako walifanya nini? Michelangelo, Roma, katika kikanisa cha Papa, amewachora Bwana na watakatifu na jeshi la mbinguni, wote uchi. Alikuwa anajua, bila shaka, kwamba wengine walishavikwa miaka minane kabla. Ni kama aliwaambia: mnaniuliza mimi kuhusu mbwa?

Na jibu alilopewa ni zuri. Nalisema hili kwa dhati, kwa kuwa tumezoea kuwafanya waamuzi wale wapumbavu. Wakamwambia: hujui kwamba katika Hukumu ya Mwisho hatutarajii nguo, basi hapakuwa na haja ya kuzichora, na katika maumbo yale hakuna kitu kisichokuwa cha roho, hakuna wachekeshaji, hakuna mbwa, hakuna silaha. Aliyesema hayo alikuwa ameitazama picha ya Michelangelo akaielewa kuliko waliompandisha Daniele kwenye jukwaa. Alitofautisha kati ya uchi unaodaiwa na jambo lenyewe na pambo linalojaza nafasi.

Paolo akaona amefika ukutani. Akasema hataki kuitetea picha. Alidhani anafanya vema. Hakuyawaza mambo mengi kiasi hicho. Na isitoshe, wale wachekeshaji wako nje ya mahali alipo Bwana wetu. Irudieni sentensi hiyo ya mwisho mkiangalia yale matao. Ni kweli. Kila aliyeshtakiwa yuko kwenye ngazi au mbele ya nguzo. Jiwe la matao limechora mpaka.

Hukumu: airekebishe picha kwa gharama yake mwenyewe, ndani ya miezi mitatu.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje. Miaka mingi iliyopita, katika kanisa moja ambalo sitalitaja, nilichora ukutani Bwana akiwalisha watu elfu tano, na pembeni, kwenye nyasi, nikamweka mama aliyefunga leso kiunoni, karai lake la mandazi limeisha, amekaa anapokea mkate kama wengine. Nilimpenda mama yule. Kamati ikasema haimo katika Injili, nimfute. Sikubisha. Nilinunua ndoo ya rangi nyeupe, nikampaka mara mbili kwa kuwa kanga yake nyekundu ilikuwa inachungulia. Kwa miaka nilijiona nimeonewa. Nilipomsikia Paolo ndipo nilipogundua kwamba sikuwahi hata kuwauliza wazee wale wanasoma aya ipi.

Paolo hakupaka rangi nyeupe. Hakumweka Magdalena. Mbwa alibaki, kasuku akabaki, Wajerumani wakabaki na vikombe vyao. Alichofanya ni kuandika. Kwenye nguzo za ngazi, kushoto na kulia, aliongeza maneno machache ya Kilatini: Lawi alimfanyia Bwana karamu kubwa, Luka sura ya 5. Picha ikaacha kuwa Karamu ya Mwisho. Tangu siku hiyo inaitwa Karamu Nyumbani kwa Lawi.

Wengi wanaosimulia kisa hiki husimama hapo, wakisema mchoraji aliwapiga chenga. Mimi nawaomba tufungue sura yenyewe. Lawi ni mtoza ushuru. Bwana anamwambia nifuate, naye anaacha vyote, kisha anafanya karamu nyumbani kwake, na wanaoketi chakulani ni watoza ushuru na watu wengine. Mafarisayo wananung'unika: mbona mnakula na kunywa pamoja na wenye dhambi? Na Bwana anajibu, "Sikuja kuwaita wenye haki, bali wenye dhambi, wapate kutubu."

Sasa itazameni tena picha, na swali la mahakama likiwa masikioni mwenu. Wachekeshaji, walevi, Wajerumani, wanatafuta nini kwenye karamu ya Bwana? Swali lao na la Mafarisayo wa Luka ni moja, karibu neno kwa neno, na limeandikwa na karani wa mahakama. Sisemi Paolo alikusudia kuwaita waamuzi wake Mafarisayo. Sina ushahidi, na inawezekana kabisa aya hiyo alipewa na mtawa msomi wa nyumba ileile, au na mmoja wa wale waheshimiwa watatu. Lakini aya ilichaguliwa, na ikishaandikwa kwenye nguzo, kila aliyesimama kwenye ngazi ana haki ya kuwepo. Njia waliyompa ya Simoni ingemwingiza mwenye dhambi mmoja. Hii iliwaingiza wote pamoja na mbwa wao.

Na mambo hayakuishia Venezia. Lawi ndiye Mathayo. Miaka ishirini na sita au saba baadaye, mjini Roma, kijana aliyeitwa Caravaggio alipewa kazi ya kumchora Mathayo akiitwa, katika kanisa la Wafaransa, San Luigi. Alimketisha mezani pamoja na vijana wenye kofia za manyoya na panga viunoni, nguo za mtaani za mwaka 1600, pesa zimetandazwa. Hakuna aliyeuliza panga zile zinatafuta nini. Hata hivyo Caravaggio alikutana na kuta zake: Mathayo mwingine aliyechorewa altare ya kikanisa hichohicho alikataliwa, na Kifo cha Bikira kikakataliwa na watawa Wakarmeli, kikanunuliwa na mtawala wa Mantova kwa ushauri wa mchoraji Rubens. Habari zake ni ndefu na zinahitaji jioni yake.

Paolo aliendelea kuchora miaka kumi na mitano mingine. Alifariki Aprili 1588, akazikwa katika kanisa la San Sebastiano, ambalo alikuwa amelichora dari, kuta na hata milango ya kinanda. Karamu ya Lawi nayo ilibebwa Paris na Wafaransa. Tofauti na dada yake wa Kana, hii ilirudi, mwaka 1815.

Nimemaliza ya kusema. Sasa sogeeni karibu, safu ya mbele kwanza, wazee watangulie. Maandishi yako kwenye nguzo mbili za ngazi, anzeni kushoto. Kwenye karatasi yangu herufi ni ndogo, kwa hiyo nimeleta kioo cha kukuzia, kipo hapa mezani. Mkishasoma upande wa kulia, teremsheni kioo polepole hadi katikati chini, mkaone alivyomchora yule mbwa: amekaa, masikio yamelala, na manyoya ya kifuani yamepakwa kwa mipigo michache tu ya brashi.